Hospitali ya Askofu, Mgonjwa wa Serikali

Mtu aliyetaka kujua hospitali za wilaya mkoani Kagera zilikuwa mali ya nani mwaka 2000 hakuwa na haja ya kupita ofisi ya mkuu wa mkoa. Angewauliza maaskofu. Rubya, iliyohudumia Muleba, ilikuwa ya Wakatoliki, na ya Biharamulo vilevile. Murgwanza kule Ngara ilikuwa ya Waanglikana. Karagwe ilikuwa na Nyakahanga, ya Walutheri. Serikali ilikuwa na hospitali yake ya mkoa Bukoba mjini. Huko kwingine ilikuwa na bendera, mganga mkuu wa wilaya, na gari la mganga mkuu wa wilaya pale lilipokuwa zima.

Mpango huo una jina lake rasmi: hospitali teule ya wilaya. Kanisa linamiliki ardhi na majengo, serikali inaiteua hospitali hiyo ifanye kazi ya hospitali ya wilaya, na kwa kuiteua inachukua jukumu la mishahara ya watumishi wengi, mgawo wa dawa na ruzuku ya uendeshaji. Hakuna mwenye hisa wala anayesubiri gawio mwisho wa mwaka. Kwa watu wa Kayanga, Omurushaka na vitongoji vinavyozidi kuiunganisha miji hiyo miwili, Nyakahanga ndiyo hospitali ya mtaani, hata kama hati ya kiwanja ina jina la Dayosisi ya Karagwe ya KKKT. Mtu aliyeanguka na bodaboda hapo Omurushaka saa tatu usiku hamwulizi dereva anayembeba kama wanaelekea kwa Walutheri.

Mjadala wa hospitali hizi, kila unapozuka, huishia kwenye umiliki: ni ya kanisa au ya wananchi? Naliona swali hilo halitufikishi mbali. Majengo hayaugui. Swali lenye maana ni nani anayelipa gharama za yule aliyesamehewa kulipa.

Karagwe ina kumbukumbu ya zamani kuhusu jambo hilo. Mwishoni mwa mwaka 1861 wasafiri wawili Waingereza, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika kwa Omukama Rumanyika. Speke aliendelea na safari kwenda Buganda. Grant alibaki nyuma kwa miezi kadhaa kwa sababu mguu wake ulivimba, ukatunga usaha na kumzuia kutembea. Alipoondoka, mwaka 1862, aliondoka akiwa amebebwa. Madaktari waliosoma maelezo yake baadaye wamedhani huenda kilikuwa kidonda cha Buruli. Waganga wa Karagwe walimhudumia kwa dawa walizokuwa nazo, na mwenyeji wake akamtunza muda wote huo. Tukiyaweka katika lugha ya siku hizi: mgonjwa alilazwa, hakuwa na bima, na gharama zilibebwa na Ikulu. Zawadi zilitolewa, ndiyo, lakini hakuna aliyemzuia asiondoke mpaka akamilishe bili.

Wamisionari wa Bethel kutoka Ujerumani walifika Bukoba mwaka 1910, na kazi yao ndiyo iliyozaa Ulutheri wa upande huu wa Ziwa Viktoria. Elimu na tiba vilitembea pamoja na Injili, kama kwingineko, na hesabu yake ilikuwa rahisi: wafadhili wa ng'ambo walichanga, mgonjwa alitoa kidogo alichonacho, pengo likazibwa na utumishi wa watu waliokubali mshahara mdogo kwa ajili ya imani yao. Hesabu hiyo ilifanya kazi wakati hospitali ilipokuwa ndogo na dawa zilipokuwa chache. Haikuundwa kwa ajili ya wilaya nzima.

Baada ya uhuru, nchi changa ilikuwa na hospitali za misheni nyingi vijijini na za serikali chache. Kujenga hospitali mpya kando ya iliyopo kungekuwa ufujaji, hivyo kuziteua zilizopo kukawa busara ya mtu mwenye mfuko mwembamba. Mwaka 1977 serikali ilipiga marufuku tiba ya kibiashara, lakini mashirika ya dini yaliachwa yaendelee kwa masharti ya kutotafuta faida. Bugando kule Mwanza, iliyojengwa na Wakatoliki, ilikuwa imeshachukuliwa na serikali mwanzoni mwa miaka ya 1970, kisha ikarudishwa chini ya maaskofu kwa makubaliano mwaka 1985. Ni wazi kwamba aliyeichukua alikwisha kuonja gharama za kuiendesha.

Zuio la tiba binafsi liliondolewa mwaka 1991. Mwaka 1992 serikali, Jumuiya ya Kikristo Tanzania na Baraza la Maaskofu Katoliki zilitia saini hati ya makubaliano kuhusu huduma za afya na elimu, na ikaundwa Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii. Baadhi ya Waislamu wamekuwa wakiilalamikia hati hiyo tangu hapo, wakiona fedha za umma zinapitia mlango wa kanisa. Si lalamiko la kupuuzwa. Jibu lake linapatikana wodini, ambako wagonjwa wa dini zote hulala vitanda vya jirani, lakini wodi haikaguliwi na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu kwa kuhesabu nani amelala wapi. Panapokuwa na fedha za umma, hesabu zinapaswa kuonekana, na hapo walalamikaji wana haki yao.

Mwaka 1993 hospitali za serikali nazo zilianza kutoza. Pamoja na uchangiaji ikaja misamaha: wajawazito, watoto chini ya miaka 5, wazee wasiojiweza wenye umri wa miaka 60 na zaidi, wenye magonjwa sugu kama kifua kikuu na UKIMWI. Orodha hiyo ni ya haki kabisa. Ila mtu akiitazama kwa jicho la mhasibu wa hospitali ya Karagwe, anaona kwamba waliosamehewa ndio hasa wanaojaza wodi. Wodi ya wazazi ni ya waliosamehewa, na ya watoto ni ya waliosamehewa. Anayetakiwa kulipa ni mwanamume mwenye nguvu zake, na huyo kwa kawaida haugui, au akiugua huanza na duka la dawa.

Chukua upasuaji wa kujifungua. Mama amefika usiku kwa gari la kukodi kutoka ndani ya Nkwenda au Murongo, uchungu una siku nzima, mtoto amekaa vibaya. Kwa sera, huduma yake ni bure. Mpasuaji na muuguzi wanalipwa na serikali, kama wamo katika orodha ya watumishi wa serikali. Wasiokuwamo wanalipwa na hospitali. Dawa ya usingizi imetoka Bohari ya Dawa, kama ilikuwapo. Kama haikuwapo, imenunuliwa kwa fedha taslimu kwa muuzaji wa Bukoba au Mwanza. Glovu, uzi wa kushonea, dripu, mpira wa mkojo, damu iliyopimwa, dizeli ya jenereta kwa sababu umeme umekatika. Sera ni ya bure, uzi unauzwa. Hospitali inaandika gharama zote hizo na kuzipeleka halmashauri, halmashauri inasema fungu halijashuka kutoka Dodoma, na karatasi inakwenda kukaa na wenzake. Deni la namna hiyo halina mdaiwa anayeweza kufuatwa nyumbani. Hospitali teule kote nchini zimekuwa zikiishi nalo kwa miaka mingi, na njia zao za kuponea zinajulikana: kuchelewesha malipo kwa wauzaji, kupunguza watumishi wa ajira ya kanisa, kupandisha kidogo bei za yule mwanamume asiyeugua, na kuandika barua Ujerumani.

Njia ya nne imekuwa ikikauka. Makanisa ya Ulaya yanapungukiwa waumini, na wazee waliokuwa wakichangia Afrika kwa sababu mjomba wao alikuwa mmisionari wanazidi kuaga dunia. Fedha kubwa za nje zilizokuja Kagera baada ya hapo zilikuwa za ugonjwa mmoja. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani humu mwaka 1983, wakati watu walipokuwa wakiuita ugonjwa huo Juliana, na miaka 20 baadaye mpango wa Marekani wa PEPFAR ukaanza kulipia dawa, vipimo na hata mishahara ya baadhi ya watoa huduma. Mwezi Januari 2025 Rais Donald Trump alisimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na kila hospitali iliyokuwa na mtumishi anayelipwa kwa mradi ikajua ghafla yupi ni wake na yupi ni wa kuazima.

Ndani ya Karagwe na wilaya jirani ya Kyerwa zenyewe kuna mfadhili mwingine ambaye hatajwi katika ripoti yoyote: kahawa. Msimu hufunguliwa katikati ya mwaka, na chama cha msingi hulipa baada ya mnada, wakati mwingine baada ya muda unaomfanya mkulima asahau alipima kilo ngapi. Malaria haingoji mnada. Hupanda baada ya masika, kabla fedha ya kahawa haijafika, na mwenye mtoto mgonjwa wakati huo ana mibuni yenye kahawa mbichi na mfuko mtupu. Hapo ndipo butura inapoingia: mkulima anauza kahawa ikiwa bado changa mtini, kwa bei ya mwenye fedha, na wakati wa mavuno gunia linakwenda kwa mnunuzi. Serikali imeikemea butura miaka nenda rudi, na wakuu wa wilaya wameahidi kuwakamata wanaoifanya. Kuwakamata ni rahisi. Kilicho kigumu ni kumwambia mzazi wa Kaisho auze nini kingine usiku ule. Sehemu ya butura inakwenda kwenye ada za shule, sehemu kwenye sherehe, hilo halikatazwi kusemwa. Lakini sehemu yake ni bili ya hospitali iliyolipwa kwa riba ambayo hakuna benki ingethubutu kuitangaza, na wizara inayopambana na butura si ile inayopanga uchangiaji wa matibabu. Sijui kama zimewahi kukutana.

Bima ilitarajiwa kulimaliza hilo. Mfuko wa Afya ya Jamii ulianzia Igunga mwaka 1996, ukawa sheria mwaka 2001, na ulipoboreshwa mwaka 2018 kaya ya watu 6 ikatakiwa kulipa shilingi 30,000 kwa mwaka. Bei hiyo si kubwa ukilinganisha na bili moja ya upasuaji. Hata hivyo wengi hawakujiunga, na maelezo ya kawaida ya maofisa ni kwamba wananchi hawana elimu ya bima. Maelezo hayo yananishinda. Huku Kagera watu wana bima kabla ya neno bima kufika. Watafiti wa uchumi waliochunguza kijiji cha Nyakatoke, Bukoba Vijijini, mwaka 2000, kaya zote 119, walikuta vikundi vya kuzikana na kusaidiana ambavyo vina kanuni, michango, faini na daftari. Anayechelewa mchango anatozwa; anayefiwa anapata msaada siku hiyo hiyo. Watu hao hao wakiambiwa walipie kadi ya afya wanasita, na wana sababu. Kikundi cha kuzikana hakijawahi kumwambia mfiwa kwamba jeneza limeisha, akanunue nje. Kadi ya bima imewaambia wengi kwamba dawa imeisha, wakanunue nje.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Kabla haijaanza kutekelezwa, mwezi Machi 2024, hospitali binafsi zilisitisha huduma kwa wanachama wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya kwa sababu ya bei mpya za malipo, zikisema zinatakiwa kutoa huduma kwa hasara. Hospitali isiyotafuta faida inaumia zaidi katika ugomvi wa namna hiyo, maana haina wagonjwa matajiri wa kufidia. Mjini Dar es Salaam hospitali ikipunjwa na bima inapandisha bei ya chumba cha binafsi. Karagwe chumba cha binafsi, kikiwapo, kinakodishwa na mwalimu mwenye kadi ya bima ile ile.

Mwaka 2012 Kyerwa ilikatwa kutoka Karagwe na kuwa wilaya. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 332,020 upande wa Karagwe na 321,026 upande wa Kyerwa, yaani hospitali teule moja ilikuwa imebeba, kwenye karatasi, watu zaidi ya 650,000. Wilaya mpya ilizaliwa na makao makuu Rubwera, na hospitali iliyotegemewa ni ya Isingiro, ya Kanisa Katoliki. (Upande wa pili wa Mto Kagera kuna wilaya nzima ya Uganda inayoitwa Isingiro, mtu akisema anakwenda Isingiro, heri umwulize kwanza kama amebeba pasipoti.) Mpaka huo si wa kudharauliwa unapozungumza juu ya hospitali. Kutoka Murongo, Mbarara ni karibu kuliko Mwanza, na mgonjwa hufuata barabara. Barabara yenyewe imekuwa sehemu ya tiba: lami ya Kyaka hadi Bugene, kilomita 59, imefupisha safari ya kwenda hospitali ya rufaa Bukoba kuliko mashine yoyote iliyowahi kufungwa Karagwe.

Hospitali za aina hii zimefanya pia kazi ambayo haimo katika mkataba wowote. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda waliingia kwa maelfu, na Karagwe ya wakati huo ikapata makambi, Kagenyi na Kyabalisa miongoni mwao, hadi Desemba 1996 waliporudishwa kwao. Virusi vya Marburg vilipotokea Bukoba Vijijini mwezi Machi 2023, watu 9 waliugua na 6 wakafa, mtumishi wa afya akiwa miongoni mwao. Mwezi Januari 2025 vikatangazwa tena, safari hii Biharamulo. Mikutano ya dharura hufanyika bila kumwuliza mtu jengo la kutengea wagonjwa ni la nani. Swali hilo hurudi baadaye, siku ya kulipa.

Kisha serikali ikaanza kujenga. Mpango uliotangazwa mwaka 2018 ulikuwa wa hospitali 67 za wilaya kwa mpigo, kila moja ikianza na shilingi bilioni 1.5, na leo Karagwe na Kyerwa zote zina hospitali za halmashauri. Ni habari njema, na mwananchi wa Kyerwa aliyesubiri tangu 2012 hana sababu ya kuomba radhi kwa kufurahi. Ila hospitali ya halmashauri inahitaji waganga, na waganga wako wapi? Walio karibu ni wale wa serikali walioazimwa kwa kanisa. Katika fikra za ofisi inayopanga watumishi, kuwahamisha ni kuhamisha jina kutoka safu moja ya jedwali kwenda nyingine. Katika wodi, ni kufunga chumba cha upasuaji cha mahali pamoja ili kufungua cha mahali pengine, huku idadi ya wapasuaji wilayani ikibaki ile ile. Nyakahanga ina hata chuo kinachofundisha wauguzi, ambao wakihitimu huomba ajira serikalini, kwa sababu wanazojua wao na wazazi wao waliouza ng'ombe.

Wapo wanaosema hospitali ya kanisa sasa iachwe ijitegemee. Maana yake ni kwamba itoze. Ikitoza gharama halisi, itabaki na wagonjwa wenye kadi na wenye kahawa iliyokwisha kuuzwa, na wengine wote watakwenda kupanga foleni ndefu zaidi kwa halmashauri. Itakuwa imeacha kuwa kile ilichokuwa bila kuvunja sheria hata moja. Wengine wanataka serikali iichukue kabisa. Hao nawapeleka Bugando.

Marekani, ambako hospitali nyingi za jamii zinaendeshwa bila faida, imejiwekea utaratibu ambao unafaa kutazamwa, si kwa sababu wao ni mfano wa huruma. Baadhi ya hospitali hizo huwashtaki wagonjwa wao mahakamani kwa madeni, na hufanya hivyo zikiwa zimesamehewa kodi. Lakini kwa sababu ya msamaha huo wa kodi, sheria yao ya mwaka 2010 inazilazimisha, pamoja na mengine, mambo mawili: kila baada ya miaka 3 zitathmini hadharani mahitaji ya afya ya eneo lao, na ziwe na sera ya maandishi inayosema nani atasaidiwa asipoweza kulipa. Hesabu za misaada waliyotoa zinasomwa na yeyote anayetaka. Waandishi wa habari huzitumia kuziumbua, na zinastahili.

Kwetu mkataba wa huduma kati ya halmashauri na hospitali ya kanisa upo, una sahihi na mihuri. Kinachokosekana ni ukurasa mmoja. Kila robo mwaka madiwani wanakaa kikao Kayanga na Rubwera. Wapewe takwimu za wagonjwa waliosamehewa katika kila hospitali yenye mkataba, gharama za kuwahudumia, kiasi ambacho halmashauri imerejesha, na watumishi wa serikali waliopo humo kwa idadi na kada. Upande wa pili wa karatasi hiyo hiyo hospitali iandike ilichotoza, na misaada iliyopokea kutoka nje, ya fedha na ya makontena, maana kanisa nalo lina desturi ya kunyamazia mapato yake na kupaza sauti juu ya mapungufu. Karatasi hiyo ibandikwe mapokezi, kando ya bei za vipimo, wagonjwa wasome wakisubiri kuitwa. Kuiandaa hakuhitaji sheria mpya wala mfadhili, kwa kuwa takwimu zote zipo kwa wahasibu wawili ambao simu zao zinapatikana. Mkurugenzi wa halmashauri na askofu wataisoma, na mmoja wao, au wote wawili, hawataipenda.